Jukwaa la Kamiriithu

Wewe msomaji uliyejifunza herufi ungali mtoto, huenda hujui uzito anaoupata mtu mzima aketipo darasani mara ya kwanza. Huona haya. Yeye asemaye kwa ufasaha katika baraza la wazee huwa bubu mbele ya ubao. Na tutazame jinsi watu wa kijiji kimoja walivyoishinda haya hiyo.

Habari yenyewe yaanzia katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Huko Mwea, kusini mwa Mlima Kenya, watu waliozuiliwa kambini walichimba mifereji ya kuyaleta maji ya mito Thiba na Nyamindi katika mashamba ya mpunga. Nao jamaa zao hawakusalimika. Tangu 1954, watu zaidi ya milioni moja wa Nyeri, Embu, Murang'a na Kiambu waliondolewa makwao na kukusanywa katika vijiji vilivyolindwa kwa silaha. Kijiji kimoja kati ya hivyo ni Kamiriithu, karibu na Limuru.

Mwaka 1976 wanakijiji wa Kamiriithu walianzisha kisomo cha watu wazima. Lugha yao ya Kikuyu haikuwa ngeni kwao. Maandishi ndiyo yaliyokuwa mageni. Kisha Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mchezo, Ngaahika Ndeenda. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wazee wakawasahihisha waandishi, wakisema ni neno gani limfaalo mzee na lipi kijana. Hivyo mwanafunzi akawa mwalimu.

Fikiri faida yake. Katika mchezo, mtu hurudia sentensi moja mara nyingi bila kuchoka. Akikosea, hachekwi, kwa maana mazoezi ni ya kukosea. Mkono na mguu humsaidia kukumbuka neno.

Mchezo ulionyeshwa kwanza tarehe 2 Oktoba 1977. Mwezi wa Novemba serikali iliupiga marufuku, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Machi 1982 jukwaa, lililojengwa na wanakijiji wenyewe, likabomolewa na polisi.

Lakini elimu haibomolewi pamoja na mbao. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikimbilia Zimbabwe, naye mkimbizi huyo akaendelea kuwafundisha watu wa huko kuigiza maisha yao. Basi msomaji, ukimkuta mtu mzima akijikwaa katika lugha mpya, usimcheke. Mpe la kusema, na mtu wa kumwambia.