Sanduku la Ami

Ami alipofariki alituachia sanduku la mbao lenye kufuli isiyo na ufunguo. Tulilivunja sebuleni, hapa Malindi. Ndani mlikuwa na disketi kumi na moja, CD nne zilizochubuka, simu mbili zilizokufa, na chini kabisa bahasha ya kaki yenye barua za babu yetu. Miezi miwili kabla, jirani wa shamba letu kule Ganda alikuwa amekuja na karatasi mkononi, anadai mpaka wetu umeingia kwake. Jibu letu, kama lipo, lilikuwa mle sandukuni.

Basi tukakubaliana kila kitu kiwekwe kwenye kompyuta moja. Kompyuta gani? Grupu ya familia ikawaka moto. Binamu wa Nairobi akasema tuchange tununue Mac. Wa Mombasa akasema Windows, maana fundi wake yuko kila kona. Mdogo wangu, anayesoma Kilifi, akaleta Linux: ya bure, na inafufua laptopu nzee. Shangazi akatuma sauti fupi: "Nyinyi mwabishania sanduku. Mimi nauliza, kilichomo ndani kitasomeka?"

Swali la shangazi ni la zamani kuliko kompyuta.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa apeleke madai yake yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na hati, au waliojua njia ya ofisini, wakapata vyeti. Wamijikenda wengi walishika ardhi kwa ukoo na kwa kumbukumbu za wazee, na hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mpaka leo, kutoka Kilifi hadi Malindi, kuna watu wanaoitwa maskwota kwenye ardhi walimozikwa babu zao. Kumbukumbu zile zilikuwepo na zilikuwa za kweli. Zilikuwa tu katika umbo ambalo ofisi ya 1908 haikulisoma.

Hata karatasi yenyewe haitoshi. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yaliyobaki ni barua za Kilwa za kati ya 1711 na 1728, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Leo ziko Goa, India, kwenye nyaraka za Wareno. Zimesalia kwa sababu ziliondoka hapa, mbali na chumvi na mchwa wetu. Huko Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza, na sasa inasomwa pia na watu wasiowahi kupanda mashua kwenda kisiwani. Lakini nani anaisoma? Kizazi cha babu kiliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila taabu. Sisi tulifunzwa a-e-i-o-u. Barua za babu tulizishika mkononi, Kiswahili chetu wenyewe, na tusiambulie neno.

Disketi zilitufanyia vilevile. Kila moja ina nafasi ya megabaiti 1.44, haitoshi hata picha moja kubwa ya simu ya leo. Apple ilitoa iMac isiyo na tundu la disketi mwaka 1998. Mwaka 2011 Sony nayo ikaacha kuziuza. Tulinunua kisomaji cha USB. Tisa zikafunguka, mbili zikanguruma tu. Ndani tukakuta faili zinazoishia na .wps, za Microsoft Works, programu iliyokwisha kuachwa. Windows ya binamu ikauliza ifungue kwa kutumia nini. Mac nayo ikauliza hivyo hivyo.

Kilichozifungua ni LibreOffice, programu ya bure inayokubali kote kuwili, na kwenye Linux pia. Hapo ubishi ukaisha wenyewe. Tukachukua laptopu nzee, tukaitia Linux kwa kuwa hatukuwa na pesa za kuchezea, na hakuna aliyenuna. Kila hati ikageuzwa PDF/A, aina ya PDF iliyotengenezwa mahsusi kwa kuhifadhi miaka mingi. Picha zikabaki JPEG. Diski ya nje tukaipanga kwa exFAT, maana diski ya mpangilio wa NTFS wa Windows, Mac huisoma lakini kwa kawaida haiiandikii. Kisha nakala tatu: moja Malindi, moja Kilifi, moja Muscat kwa jamaa zetu. Hewa ya bahari inakula chuma hapa, na wizi haupigi hodi.

Kwa barua tulimwendea mzee mmoja aliyefundisha madrasa miaka mingi. Alizisoma kwa sauti, tukamrekodi kwa simu. Ya pili inataja mipaka ya shamba: kisima, mkwaju, na njia ya kwendea pwani. Mkwaju ulikatwa zamani. Kisima tumekipata, kimejaa takataka, upande ule ule tuliousema sisi. Jirani amekuja kukitazama, akanyamaza. Shauri halijaisha, lakini sasa tunazungumza tumekaa.

Disketi ya sita ndiyo iliyonitoa machozi. Kumbe ami alikuwa ameanza kuzichapa zile barua kwa herufi za Kirumi, mstari kwa mstari, kila neno lililomshinda ameliwekea alama ya kuuliza. Alimaliza mbili, ya tatu akaiacha katikati. Hakumwambia mtu. Mdogo wangu amejiandikisha kwa yule mzee, kila Jumamosi baada ya alasiri. Juzi aliifungua faili ya ami, akaendelea pale pale ilipokatika.