Kriketi ya kulipwa: fedha zinatoka wapi, na Tanzania iko wapi?

Kwa wasikilizaji wengi wa Tarime na Serengeti, mpira ni mpira wa miguu. Lakini majirani zetu ng'ambo ya Sirari waliwahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, na Tanzania nayo sasa inakaribia ngazi za juu. Haya ni mambo ya msingi kuhusu biashara ya mchezo huo.

Fedha zinatoka wapi?

Kwa sehemu kubwa, kwenye haki za matangazo. Mwaka 2003 Uingereza ilianzisha mfumo wa T20, ambao kila timu hurushiwa ova 20 na mechi huisha kwa takribani saa tatu, muda unaofaa televisheni. Ligi Kuu ya India, IPL, ilianza mwaka 2008. Haki zake za matangazo za 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6 za Marekani.

Nani anapata nini?

Katika mgawo wa Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) wa 2024 hadi 2027, India pekee inapata karibu asilimia 38. Wanachama washirika, Tanzania ikiwemo, ni zaidi ya 90, na wote kwa pamoja wanagawana takribani asilimia 11.

Kenya inatufundisha nini?

Mwaka 2003 Kenya iliifunga Sri Lanka jijini Nairobi na kufika nusu fainali. Baadaye ikaja migogoro ya uongozi na malipo ya wachezaji. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi yake katika mechi za kimataifa za siku moja. Ushindi bila uongozi imara na vijana wa kurithi haukudumu.

Tanzania je?

Mwaka 2025 timu ya vijana chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo timu ya wanaume ilifika nusu fainali ya mchujo wa Afrika mjini Harare, ikafungwa na Namibia. Ingeshinda mechi hiyo, ingecheza Kombe la Dunia la T20 la 2026. Uganda ilishafika huko mwaka 2024.

Mbele kuna nini?

Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia zitaandaa Kombe la Dunia la 2027, na kriketi itarudi Olimpiki jijini Los Angeles mwaka 2028. Lakini kriketi ya Tanzania imejikita zaidi Dar es Salaam. Kijana wa Mugumu au Nyamongo mwenye mkono mzuri wa kurusha hawezi kuonekana kama hakuna mwalimu wa mchezo, vifaa wala mashindano karibu naye. Kwa shule, pa kuanzia si ghali: mpira laini, gongo la mbao na uwanja uliosawazishwa.