Mama Ngina: Kutembea Juu ya Mwamba, Bahari Ikiwa Chini Yako

Ka umefika Mombasa na mchanga wa beach umeshakuboesha, jaribu Mama Ngina Waterfront. Iko kusini mwa kisiwa, juu ya mwamba, kutoka upande wa feri ya Likoni ukielekea golfu. Watu wa Mombasa wengi bado wanapaita Lighthouse tu. Serikali ilipapiga sura mpya, na Mashujaa Dei ya 2019 ikafanyiwa hapo. Ukitembea mdogo mdogo, saa moja inakutosha, na mibuyu iko ya kukupea kivuli.

Kitu moto ni meli. Mlango wa kuingia bandarini unapita hapo chini, na jina Kilindini lenyewe linatoka kwa kilindi, yaani maji marefu. Ndio maana limeli la makontena linapita karibu hadi unaona mabaharia wakiwa wamesimama. Hiyo hulipii hata bob.

Sasa skiza hii poa, juu hapa ndio wasee hucheza na maisha. Huo mwamba ni matumbawe ya kale. Kitambo sana bahari ilikuwa juu kuliko leo, matumbawe yakakua ndani ya maji, bahari ikashuka, yakabaki yamesimama nchi kavu. Shida ni mawimbi hula mwamba kutoka chini. Juu unaona jiwe ngumu na nyasi, kumbe umesimama kwa kibaraza chenye hakina nguzo. Haikuonyi ikikatika. Kwa hivyo ukuta usiuruke juu ya selfie, na ukiona ufa kwa jiwe, rudi nyuma.

Kuteremka chini kwa miamba pia kuna hesabu yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wavuvi husema ni bamvua: maji hupwa mbali halafu hujaa sana, tofauti inakaribia mita 4. Pale ulipotembea saa sita, jioni ni bahari. Uliza mvuvi, hatakuficha. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi huwa na hasira zaidi.

Enda kuanzia saa kumi, jua likishapoa. Beba ganji ndogo ndogo ya madafu na mihogo ya kukaanga, ile inapakwa pilipili na ndimu. Wikendi familia hujaa, so ka unataka kuchill na mtu wako bila watoto kuwarukia, chagua Jumanne.