Kutoka CD mpaka MP3: majina ya nyimbo yasipotee njiani

Mkaaji wa Katindo anayeingiza CD zake za zamani katika ordinateri anaweza kukuta orodha ya namna hii: Piste 1, Piste 2, Artiste inconnu. Sauti imeingia vizuri, lakini nani anaimba?

CD nyingi za muziki zinabeba sauti tu, hazibebi majina. Ordinateri inapima wingi na urefu wa nyimbo, halafu inauliza majina kwenye intaneti, kwa mfano katika hifadhi ya MusicBrainz. Konexion ikikatika, kunabaki namba. CD iliyonakiliwa mtaani, yenye nyimbo za kuokoteza huku na kule, hata konexion nzuri haiisaidii. Hapo ni kuandika kwa mkono, kasha likiwa bado lipo.

Kupotea kwingine kunatokea wakati wa kubadilisha fishie. Wengi wanatoa CD katika WAV, inayokula karibu MB 10 kwa dakika, na programu nyingi haziweki ao hazisomi majina ndani yake. Ikigeuzwa MP3, jina halina pa kupitia. Afadhali FLAC: sauti haipungui hata kidogo, uzito unashuka karibu nusu, na majina yanakaa ndani ya fishie yenyewe. Programu za bure kama fre:ac na foobar2000 zinayahamisha mpaka MP3. Ni vizuri kujaribu wimbo mmoja kwanza, kuufungua kwenye simu, ndipo kuendelea na zingine.

Kwenye MP3, majina yaandikwe katika ID3v2. Ile ya zamani, ID3v1, inapokea herufi 30 tu kwa kila nafasi. "Orchestre Tout Puissant OK Jazz" iko na 31 pamoja na nafasi wazi, kwa hiyo "z" ya mwisho inakatwa.

Nafasi inayosahauliwa sana ni ya mtunzi, "Compositeur". Tuchukue "Mabele" ya mwaka 1974: OK Jazz ndio wanapiga, Sam Mangwana anaimba, lakini aliyeitunga ni Simaro Lutumba. Anayeandika "Franco" na kupita amemfuta Simaro. Na haki ya mtunzi, ile inayosimamiwa na SOCODA, haiwezi kumfikia mtu asiyeandikwa kwenye orodha ya nyimbo zilizopigwa redioni.

FLAC zisifutwe baada ya kutengeneza MP3. Kama disque dur iko na nafasi, picha ya kasha, mbele na nyuma, iwekwe katika dosie hiyohiyo.