Askofu Aliyekwenda Busia

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilizima simu na kujificha Githurai. Karo ilikuwa imenishinda, na aibu ikamaliza kazi. Wa kwanza kunitafuta alikuwa babu, mchungaji mstaafu wa Anglikana kule Bungoma. Alipanda basi la usiku, akabisha mlango wangu saa moja asubuhi. Habari ya chuo hakuigusa. Aliuliza tu, "Umekula?"

Tukanywa strungi. Halafu akaanza kunisimulia habari za Askofu Alexander Muge.

Mwaka 1986 KANU, chama pekee nchini, iliamua kwamba kwenye mchujo wapiga kura watapanga foleni nyuma ya wagombea. Ndiyo ile mlolongo. Viongozi wa makanisa walipinga, na sababu yao moja ilikuwa ya kichungaji kabisa: mchungaji akisimama nyuma ya mtu mmoja mchana kweupe, waumini waliosimama foleni ile nyingine watamwendea vipi wakifiwa? Hawakusikizwa. Mwaka 1988 watu walipanga foleni, na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu.

Kusema hivyo hadharani kulikuwa na bei. Muge wa Eldoret alisema. Henry Okullu wa Maseno Kusini alisema. David Gitari alisema, na Aprili 1989 nyumba yake Kirinyaga ikavamiwa usiku. Aliponea juu ya paa.

Agosti 1990, Waziri wa Leba Peter Okondo aliwaonya Muge na Okullu kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Tarehe 14 Muge akaenda. Alikutana na watu, akaanza safari ya kurudi Eldoret. Njiani gari lake likagongana na lori, akafa. Wengi hawakukubali kwamba ilikuwa ajali tu. Okondo alijiuzulu. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ikafutwa, na Muge hakuwepo kuona.

"Kwani hakuogopa?" nikauliza.

"Nadhani aliogopa. Lakini watu walikuwa wanamngoja."

Nilitarajia mahubiri sasa, yaani nami nijipe moyo nirudi chuo. Babu akaweka kikombe chini.

"Mimi nilipanga foleni," akasema.

Chifu alikuwa amepita kanisani Jumapili akionyesha nani wa kusimama nyuma yake, na babu akasimama hapo, na kola yake shingoni. Mama Kanisa mmoja alikuwa foleni ya pili. Walitazamana. Mwaka uliofuata huyo mama alifiwa na mumewe, akaita mchungaji wa kanisa lingine.

"Nilijiambia sijaitwa, kwa hivyo sitaenda. Lilikuwa boma la tatu kutoka letu. Nilisikia nyimbo za matanga usiku kucha nikiwa kitandani."

Muda wote huo nilikuwa nimemchukua babu kama mmoja wa wale mashujaa, eti kwa sababu alivaa kola kama wao. Kumbe alichojifunza katika uchungaji alikipata pale aliposhindwa.

"Tangu hiyo siku," akasema, "nikiitwa naenda. Nisipoitwa, pia naenda."

Jioni nilimsindikiza hadi steji. Mama alikuwa bado anangoja kusikia kutoka kwangu. Tukiwa njiani, nikawasha simu.