Dhiki ya Jinamizi: Hesabu ya Usiku Haitoshi

Watu wawili huweza kuota ndoto za kutisha mara sawa kwa mwezi, mmoja akaamka, akaoga, akaenda kazini. Mwenzake akashinda roho juu na jioni akaogopa kulala. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Kathryn Belicki wa Kanada alitenganisha wingi wa majinamizi na dhiki inayotokana nayo, akakuta kwamba uhusiano wa mambo hayo ni hafifu, na kwamba dhiki ndiyo inayoambatana zaidi na matatizo ya nafsi.

Watafiti Ross Levin na Tore Nielsen walijaribu kueleza sababu ya tofauti hiyo mwaka 2007. Kwao, misukosuko ya karibuni maishani huongeza idadi ya majinamizi, lakini ukubwa wa dhiki hutokana na tabia ya kudumu ya kuumia upesi, ambayo aghalabu mizizi yake ni mateso ya zamani. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kasoro yao ni kumwacha mwotaji peke yake, kana kwamba akiamka hakuna mtu nyumbani.

Tutazame Pemba na Unguja mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku. Masimulizi mengi ya waliovamiwa yanafanana na hali inayojulikana vyema katika taaluma ya usingizi: akili huamka ilhali misuli ingali imelegea kama inavyolegea ndotoni, kifua kikahisi kukandamizwa na chumba kikawa na kivuli. Hali hiyo humpata binadamu popote. Hata hivyo, watafiti Baland Jalal na Devon Hinton, walipolinganisha Wamisri na Wadenmark waliopatwa nayo mwaka 2013, walikuta Wamisri wakiogopa zaidi kwamba watakufa. Visiwani, maelezo yaliyokuwa tayari, yaani Popobawa, yalikuja na sharti: aliyevamiwa awatangazie wengine, la sivyo atarudiwa. Watu wakahamia uani, wakakesha kwa makundi kando ya moto. Kila aliyekesha alithibitisha, kwa kukesha kwake, kwamba kuna cha kuogopwa.

Visiwa hivyohivyo vina mafundisho mengine, ya kale zaidi. Muislamu aliyeota vibaya hufundishwa ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ajikinge kwa Mungu, ageuke ubavu, asimsimulie mtu. Kwa maoni yangu, nguvu ya mafundisho haya haimo katika ukimya, bali katika tendo. Barry Krakow na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2001 huko Marekani, waliwataka wanawake walionusurika ukatili wa kingono wachague jinamizi, walibadilishe wapendavyo, kisha wairudierudie ndoto mpya mchana. Majinamizi yalipungua. Wanawake hawa walilishika jinamizi mikononi, Muislamu yule hulitema. Wote wamepewa tendo lenye mwisho. Kukesha kando ya moto hakuna mwisho, maana kesho usiku utaingia tena.

Kwa hiyo daktari anayeuliza "mara ngapi kwa wiki?" amepata nusu ya habari. Aulize pia mgonjwa alimwambia nani asubuhi, akajibiwa nini, na akafanya nini kabla ya kulala tena. Kwa anayeota tukio lilelile lililomfika vitani, majibu hayo hayatatosha, kwani ndoto yake ni kumbukumbu na dhiki yake ina chanzo kilichokwishatokea. Lakini hata yeye hulala katika nyumba yenye watu, na wanachomwambia alfajiri kinaingia katika ugonjwa wake.