Sekunde moja ya mwalimu

Leo naomba niwape historia kidogo, na ninayemlenga hasa ni wewe mdogo wangu, mwalimu wa baiolojia.

Mama anakumbuka siku niliyorudi shule nalia, kidato cha kwanza, mwaka 2004. Mwalimu aliniuliza kwa nini kipande cha kiazi kikilowekwa kwenye maji ya chumvi kinalegea. Aliuliza kwa Kiingereza, nami nilitoka shule ya msingi na Kiswahili changu kitupu, nikaanza kulitafsiri swali kichwani. Kabla sijamaliza akasema, "Kaa chini," akamgeukia mwingine. Na jibu nilikuwa nalo: maji yametoka ndani ya kiazi kufuata chumvi. Tangu hapo nikahesabiwa na wazito.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na mama mmoja Marekani, Mary Budd Rowe, mtaalamu wa ufundishaji wa sayansi. Alikusanya kanda zaidi ya 300 zilizorekodiwa kwenye vipindi vya sayansi, akakaa kuzisikiliza. Hakusikiliza maneno tu, alipima na ukimya. Matokeo aliyachapisha mwaka 1974: mwalimu akishauliza swali, kwa wastani alisubiri sekunde moja tu. Mtoto akinyamaza, mwalimu alirudia swali, au alijibu mwenyewe, au alimpa mwingine.

Kilichoniuma ni hiki. Watoto walioonekana hodari walisubiriwa karibu sekunde mbili. Walioonekana dhaifu, hata sekunde moja haikutimia. Yaani anayehitaji muda zaidi ndiye aliyenyimwa, halafu ukimya wake ukahesabiwa kuwa ujinga.

Rowe akawazoeza walimu kusubiri sekunde tatu au zaidi, baada ya swali na baada ya jibu pia. Majibu yakawa marefu na yenye sababu. Walioshindwa kujibu wakapungua. Watoto wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe, na wale "dhaifu" wakachangia, hata walimu wakabadilisha mawazo juu yao.

Huku Uingereza, mwaka 1998, Paul Black, aliyeanza kama mwanafizikia, na mwenzake Dylan Wiliam wa King's College London walipitia tafiti nyingi. Wakaonyesha kuwa kumpima mwanafunzi si mtihani wa mwisho peke yake. Mwalimu akijua leo mtoto amekwama wapi na akarekebisha ufundishaji wake, watoto huinuka, hasa wa chini. Mwaka 1999 wakaanza kazi na walimu 24 wa sayansi na hisabati wa Medway na Oxfordshire. Kusubiri kulikuwa mojawapo ya mambo waliyojaribu, na baadhi ya walimu walikiri kwamba mwanzoni ukimya ule uliwapa taabu.

Nawaelewa. Wodini huwa napewa wanafunzi wa uuguzi niwasimamie. Juzi nilimwuliza mmoja kwa nini hatumwekei mgonjwa dripu ya maji matupu. Kimya. Nilishafungua mdomo nimjibie, nikajizuia, nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Akasema, "Maji yataingia kwenye chembe nyekundu za damu, zitavimba zipasuke." Sawasawa kabisa, na ni habari ileile ya kiazi changu! Ningeharakisha, ningeandika kwenye fomu yake kwamba hajui.

Mdogo wangu, najua darasa lako limejaa na silabasi haimngoji mtu. Lakini sekunde tatu hazihitaji maabara wala bajeti. Ukimwuliza mtoto akanyamaza, mngoje kidogo. Huenda bado anatafsiri.

Haya, zamu ya usiku inaniita. Nisalimieni wote, na Mama usisahau dawa zako za presha.